Mbegu Tuliyokula Mimi na Wewe

Hasamba,
jioni ya mwisho kabla hujaondoka

Mwanangu Yotamu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwa babu yako, na ninavyokujua utapita kwanza uwanjani, halafu kwa yule rafiki yako mwenye redio, na kwa babu utafika ugali umeshapoa. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, sinia nimeligeuza juu ya magoti liwe meza, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la mwaka jana. Utanisamehe, kurasa za nyuma zilikuwa wazi.

Habari za chandarua, dawa, soksi na kuchemsha maji ya kunywa sitaziandika. Nimekuimbia wiki nzima, mpaka jana ukaniuliza kama nadhani unakwenda mwezini. Baba yako alicheka sana. Mimi pia nilicheka, ila nilicheka ili nisiulizwe kitu. Tangu siku ulipokuja na fomu ya chuo ukaitupa mezani ukisema, "Mama, nimepangiwa Momba, bustani za kina mama," nimekuwa nikihangaika na mambo madogo ili lile kubwa lisipate nafasi. Nilikwambia barabara ya kwenda Chitete ni mbovu. Nikakwambia kule kuna joto, na wewe ni mtoto wa baridi. Nikakwambia kijana wa kiume hawezi kumaliza likizo yake ya miezi miwili akimwagilia mchicha na wanawake, watamcheka. Ukanijibu, "Watanicheka wiki moja, mama. Wiki ya pili watanipa ndoo." Nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Fomu yako niliisoma ulipokuwa unaoga. Jina la kijiji nilikuwa nimelisikia mdomoni mwako, nikajipa moyo kwamba watu wamebadilika, wengine wamehama, wengine wamekufa. Halafu nikaona chini yake, kwenye nafasi ya mwenyeji: Zelina Sinkala, mwenyekiti wa kikundi cha bustani. Jina hilo halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba hii, maana anayelijua humu ni mimi peke yangu. Baba yako mwenyewe halijui; anachojua ni kwamba nilianzia kazi bondeni, basi.

Unajua kwamba niliwahi kuwa bibi shamba. Umeiona picha yangu nimevaa buti, na umenitania vya kutosha kwamba nilionekana kama askari wa zimamoto. Usilojua ni kwamba kituo changu cha kwanza kilikuwa hicho kijiji unachokwenda kesho. Nilifika na cheti kipya, baiskeli ya ofisi na mdomo mrefu. Nilikuwa na umri unaokaribia wako, na nilikuwa najua kila kitu. Tena afadhali wewe, wewe husema "sijui" angalau mara moja kwa siku. Mimi neno hilo nililiona kama la kufukuzisha mtu kazi.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Duka la ushirika lililokuwa likituletea mbegu na mbolea lilifungwa, na tukaambiwa kwamba yeyote mwenye mtaji anaruhusiwa kuuza. Tunduma ikajaa maduka ya pembejeo ndani ya msimu mmoja, mengine yakiuza mbegu, sabuni na mitumba kwenye meza moja. Wakubwa wangu walitaka taarifa kila mwezi: wakulima wangapi wameacha mbegu za kienyeji na kuchukua za kisasa. Taarifa yangu ilikuwa haba. Wale kina mama walinisikiliza vizuri, walinipigia makofi, wakachukua mbegu yangu wakaipanda pembezoni, na katikati ya shamba wakapanda ya kwao.

Ya kwao ilikaa jikoni. Sijui kama bado wanafanya hivyo, utaniambia. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, na hapo mwanamke alitundika mahindi aliyoyachagua shambani, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, pamoja na kibuyu cha kunde. Moshi ulikuwa unayapitia mwaka mzima, wadudu hawayagusi. Mbegu ya pale juu hailiwi. Hata mwezi wa njaa, hata mtoto akilia, hakuna anayenyoosha mkono kule. Binti akiolewa, mama yake humshushia sehemu akaanze nayo kwake. Mimi nilipotazama juu niliona masizi tu.

Basi nikabuni sherehe. Usije ukasikia kwamba nilitumwa, hapana, hakuna aliyenituma, ilitoka kichwani mwangu na niliifurahia sana. Niliwaza kwamba maadamu ile mbegu iko juu ya moto, hawa watu hawatatoka mahali walipo. Nikaitisha mkutano nikawaambia tuchague siku moja, kabla ya mvua, kila mama ashushe mbegu yake yote, tuimimine kwenye masufuria, tupike kande, tule pamoja na kucheza ngoma. Baada ya hapo kila mtu atapanda mbegu mpya, na mimi nitaileta mwenyewe kutoka Tunduma. Nilisema tutakuwa kijiji cha mfano. Mwenyekiti wa kijiji alilipenda hilo neno, akalirudia mara tatu.

Zelina alisimama. Wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, si mtu wa kuongea mikutanoni. Alisema, "Dada, hii mbegu alinipa mama siku naolewa, na yeye alipewa na mama yake. Nikiipika, nitapanda nini?"

"Utapanda ya kisasa," nikamwambia.

"Na isipofika?"

"Itafika."

"Mvua ikiiwahi je, dada?"

Watu walianza kucheka, nami nikacheka nao. Nikamwambia, mbele ya wote, "Mama Rabeka, wewe unaogopa kama mtu anayevushwa mto. Mimi nipo. Mimi si nipo hapa?" Akasema ndiyo, upo. Akaketi.

Siku ya sherehe yeye ndiye aliyetangulia kufika. Alileta yote, Yotamu. Wengine nina hakika walibakiza kidogo mahali, wakachanganya na mahindi ya chakula kunidanganya. Zelina alikuwa amenipinga hadharani, kwa hiyo akataka kila mtu aone kwamba hana kinyongo. Alikuja na binti yake Rabeka, aliyekuwa darasa la sita, kila mmoja na kapu la mahindi kichwani, na kibuyu cha kunde juu yake. Aliyamimina mwenyewe. Niliona mkono wake ukikawia kidogo kwenye kibuyu, nikajifanya sijaona.

Nilikuwa na mimba yako, ya miezi mitano. Kande ilipoiva, Zelina akanipakulia mimi kwanza, akasema mama mjamzito hasubirishwi chakula. Nilikula bakuli mbili. Kunde zile zilikuwa tamu, sijawahi kula kunde za namna ile tena. Mimi nilikula mbegu ya wale watu na wewe ukala nami, na wote tulishiba, tukapigiwa vigelegele.

Mbegu mpya ilichelewa. Mwenye duka wa Tunduma alikuwa na sababu mpya kila nilipokwenda: gari limeharibika, mzigo umekwama njiani, wiki ijayo. Mvua zikaanza. Zikapita wiki mbili, ya tatu, watu wamelima mashamba wanayatazama. Mzigo ulipofika nilikuwa nimechanganyikiwa kwa furaha. Wewe unasoma kilimo, unajua kinachotakiwa kufanywa hapo: unahesabu punje mia, unazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, unasubiri siku chache uone ngapi zimeota, ndipo unagawa. Nilikuwa nimefundishwa. Nilikuwa nimepata alama nzuri kwenye mtihani wa kitu hicho hicho. Lakini mvua ilikuwa inanyesha na watu wamepanga foleni, na pakiti zilikuwa nzuri, zina picha ya hindi nono. Nikagawa siku hiyo hiyo.

Hazikuota. Huku mche mmoja, kule miwili. Nilifukua shimo moja kwa kidole nikatoa punje, nikaisugua, rangi nyekundu ikabaki mkononi na ndani kulikuwa na vumbi la mahindi yaliyobunguliwa. Mtu alikuwa amechukua mahindi mabovu akayapaka rangi yafanane na mbegu iliyotiwa dawa. Nilikwenda Tunduma nikakuta duka limefungwa, na jirani wa duka hakujua mwenyewe kahamia Mbeya au kavuka kwenda Zambia.

Mpaka hapo nilikuwa nimekosea kama watu wanavyokosea kazini. Ninachokwambia sasa ndicho kilichoninyima usingizi tangu fomu yako ije. Nilikuwa na nafasi ya kubaki. Ningeweza kwenda Vwawa kwa wakubwa nikasema nimeharibu, watu hawa hawana mbegu wala chakula, nisaidieni. Ningefokewa, labda ningefukuzwa. Badala yake niliandika barua ya kuomba likizo ya uzazi mapema, nikafunga begi. Zelina akaja chumbani kwangu siku ile. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningefurahi angefanya hivyo. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole tu, "Dada, sasa tunafanyaje?"

Nikamwambia nikirudi tutaangalia. Akaona begi, akasema hali yangu hairuhusu kubeba mzigo, akalitwika kichwani mpaka kwenye gari.

Sikurudi. Ulizaliwa hapa Hasamba, mtoto mzima mwenye sauti ya kuamsha mtaa, nami nikaandika ofisini kwamba mtoto wangu ana kifua dhaifu, hawezi joto la bondeni, naomba kituo cha karibu na nyumbani. Hukuwa na kifua wala nini. Nilikutumia wewe kama kisingizio ukiwa hata shingo haijakaza. Wakanipa kituo huku kwenye kahawa, nikakaa hapo mpaka walipopunguza wafanyakazi na mimi nikapunguzwa. Baba yako alinihurumia sana siku ile. Mimi moyoni niliona kama haki imenikuta kwa mlango wa nyuma.

Habari ya Rabeka nilielezwa na bwana mifugo niliyefanya naye kazi kule. Tulikutana sokoni Vwawa, wewe ukiwa mgongoni. Alisema njaa ilipobana, watu walipanda huku juu kufanya vibarua kwa chakula. Zelina hakuweza, alikuwa na mama mkwe mgonjwa. Akampeleka binti kwa familia moja ya Nakonde, upande wa pili wa mpaka, akafanye kazi za ndani mpaka mavuno. Mavuno yalipofika akavuka kwenda kumchukua, akakuta nyumba ina watu wengine. Wale wa mwanzo walikuwa wamehamia mbali huko Zambia, kila mtu akitaja mji wake. Alikwenda tena na tena, akiuliza kwa Kinamwanga na kwa Kibemba cha kuokoteza. Binti hakuonekana. "Na hakubakiza hata punje moja," bwana mifugo akaniambia. "Ni yeye tu aliyekutii kabisa." Unajua nilimjibu nini? Nilimuuliza kama huko mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri.

Ukiwa darasa la nne nilijaribu. Nilitafuta mbegu nzuri, mahindi na kunde, nikaipima kwenye kitambaa kama nilivyopaswa kuipima zamani, nikaijaza kwenye kiroba. Nilimwambia baba yako nakwenda kumwona mgonjwa Tunduma. Nilifika, nikalikuta gari la Chitete linapakia magunia ya chumvi na kreti za soda, nikakaa kwenye benchi la muuza chai. Nilikunywa chai mpaka yule mama akaanza kunitazama. Utingo akaniita, "Mama, unapanda au hupandi?" Nikasema kuna kitu nimesahau. Gari likaondoka. Kiroba nikakirudisha nyumbani, nikapanda mbegu ile hapo nyuma ya choo, na mwaka huo mlinisifu kwamba mahindi yamekubali.

Nilikuwa nimeamua nisikwambie. Nilijiambia unatumia jina la ukoo wa baba yako, Zelina hatakujua, utamaliza miezi yako, utaandika ripoti yako, utarudi. Lakini juzi ukampigia simu kumwambia unakuja. Ulikuwa umekaa hapo kwenye kizingiti, na alipoongea nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Ulipokata ukaniambia kwa furaha, "Mama, huyu mama ni mtu mzuri sana. Amesema nisihangaike kutafuta pa kulala. Kuna chumba cha binti yake, hakikaliwi na mtu, atanifagilia." Nikakwambia vizuri. Nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Utalala hapo, mwanangu. Kwenye chumba cha Rabeka, wewe uliyekuwa tumboni siku ile. Nimejaribu kufikiri kuna kitu gani mama anaweza kumfungia mtoto wake kwenye begi kwa ajili ya jambo kama hilo, na sikuona kitu. Kuhusu bustani sina wasiwasi na wewe. Una mikono ya baba yako, miche inakupenda. Nakuomba tu, ukiwa na wazo zuri, na utakuwa nayo mengi, lijaribu kwenye tuta moja, uyaache mengine kama yalivyo. Na mama yeyote wa kikundi akikuuliza swali watu wakacheka, wewe usicheke. Ningependa kukupa mashauri zaidi, lakini kila nikianza naona mtu anayenisikiliza atasema, na wewe je?

Nimefikiria kukuomba ufiche. Nimefikiria pia kukuomba umpigie magoti kwa niaba yangu. Vyote viwili ni kukutanguliza mbele yangu kama nilivyokutanguliza ulipokuwa mchanga, kwa hiyo sikuombi hata kimoja. Hata kukuzuia siwezi. Baba yako ataniuliza kwa nini, na chuo hakitakuelewa, na wewe mwenyewe umeshapiga pasi mashati. Ningeweza kupanda gari pamoja nawe. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi, na kila nikiliwaza naliona lile benchi la muuza chai. Nina aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo nilivyo, na ni afadhali ulijue kutoka kwangu.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya nguo. Ningeiweka chini, najijua, ningekuwa natumaini usiione mpaka urudi. Isome kabla hujapanda gari la Chitete. Ukiona huwezi kwenda, geuza urudi nyumbani, tutatafuta cha kuwaambia chuo, na mimi nitamweleza baba yako kila kitu, liwalo na liwe. Ukienda, atakuuliza habari za nyumbani, hakuna mwanamke wa kule asiyeuliza. Jina langu umtajie au usimtajie, utaona mwenyewe ukishamwona uso. Mimi sijui. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii na bado sijui.

Ila kuna jibu moja ambalo leo mchana nilikaribia kukufundisha, nikashukuru Mungu kwamba ulikuwa umelala. Akikuuliza kama mama yako yupo, usimwambie nimekufa. Mwambie niko hai, niko Hasamba, na si mbali.

Mama yako,
Eliza